Kwilti ya viraka kwa mkono: penseli, karatasi au kawandi, na itakaa wapi ikiisha

Nadhani wengi wetu tunao ule mfuko. Mashati ambayo kola imekwisha ila mgongo bado mzima, shuka lililochanika upande mmoja, vigauni vya mtoto ambavyo havimtoshi tena na kuvitoa roho inagoma, na vile vipande vidogo vinavyobaki kila ukishona kitu. Siku moja unaamua, basi, nashona kwilti, lile blanketi la viraka lenye tabaka zilizoshonwa pamoja, na nashona kwa mkono bila cherehani. Afu unaanza kuuliza na kila mtu anakwambia lake, huyu chora kwa penseli, yule kata karatasi, mwingine achana na hayo yote we anza tu kushonea pembeni uje katikati, hiyo ndo kawandi, na mwezi unapita mfuko uko palepale.

Mi nimeshona kwa njia zote tatu, na kwa nilivyoona kinachokwamisha watu mara nyingi sio njia yenyewe, ni kwamba hujaamua kwilti ikiisha itakaa wapi. Ya ukutani inataka vitu vyake, ya kujifunika inataka vyake, ya kukunjwa ikakaa kwenye ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani sebuleni nayo ina mambo yake. Ya kwanza kabisa niliishona ya karatasi, viraka vidogo vidogo, zaidi ya miaka miwili, nikiwa nawaza kujifunika, na ilipoisha nikaona ile kazi yote nikashindwa kuitandika kwa kuogopa ichafuke, ikalala kabatini mwaka mzima. Iliniuma. Kwa hiyo hapa chini nalinganisha njia tatu, afu sehemu tatu za kuiweka, we soma ukiwa na chumba chako kichwani.

Nimepima kwa vitu gani

Cha kwanza urefu wa kazi, na hapa nimetumia saizi moja kwa zote ili tusidanganyane: kwilti ya sm 150 kwa 200, inayomfunika mtu mmoja vizuri. Cha pili ni aina ya vipande ulivyonavyo, vikubwa au vidogo, vyepesi au vizito. Cha tatu makosa yanasameheka kiasi gani. Cha nne kama kazi inabebeka, manake kushona kwa mkono kunafanyika zaidi kwenye dakika za kuiba, ukisubiri mtu, ukiwa safarini, taa ikiwa ndogo. Na cha tano ikiisha inakuwa kitu cha namna gani mkononi, nzito, nyepesi, ya kufuliwa au ya kuangaliwa.

Jambo moja ni la njia zote: fua vitambaa vyote kabla hujakata. Pamba mpya inarudi ikifuliwa, na ukichanganya iliyofuliwa na isiyofuliwa kwilti itajikunja vibaya siku ya kwanza ya maji. Nyekundu na bluu iliyokolea zijaribu kwanza, lowanisha kona, bana na kitambaa cheupe, ukiona rangi imehamia basi endelea kukifua hicho kitambaa mpaka kiache, kikikataa kiweke pembeni.

Njia ya penseli

Hii ndo ya kawaida zaidi. Unakata paterni ya kadi ngumu, tuseme mraba wa sm 10, unaiweka nyuma ya kitambaa unachora kuizunguka, na ule mstari ndo mshono wenyewe. Afu unakata nje ya mstari ukiacha kama milimita 6 ya akiba. Viraka viwili unavikutanisha uso kwa uso, unachoma pini kwenye kona ya cha juu itokee kwenye kona ya cha chini, kisha sindano inapanda na kushuka juu ya mstari, mishono kama mitatu kwa kila sentimita, ukianza na kumaliza kwa kurudi nyuma mshono mmoja au miwili ili uzi usifumuke.

Siri yake, na hii watu wengi hawaambiwi, ni kuanzia kwenye kona ya mstari na kuishia kwenye kona ya mstari, usiende mpaka mwisho wa kitambaa. Ukifika pale viraka vinne vinapokutana unapitisha sindano katikati ya zile akiba bila kuzishonea chini. Ukifanya hivyo akiba zinabaki huru, unazilaza upande wowote unaotaka wakati wa pasi na ile kona haifanyi nundu.

Kwa hesabu, kwilti yetu ni miraba 300, yaani 15 kwa 20, na mishono ya kuiunga ukiijumlisha ni kama mita 56. Hapo bado. Ukishapata uso unaweka pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma, unapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu zisiteleze, kisha unashona tena kuzishika pamoja, na ukipita kila baada ya sm 5 ni mita 60 nyingine. Jumla mita 116 hivi, na kati ya njia tatu hii ndo fupi.

Vipande inavyopenda ni pamba ya uzito unaofanana, mashati, magauni, mashuka. Jinzi inawezekana ila pale akiba nne zinapokutana sindano itakuumiza kidole hata ukivaa subana. Kuhusu makosa, hapa kuwa makini: ukikosea milimita moja kwenye kila mshono, safu ya viraka 15 ina mishono 14, tayari sentimita nzima na zaidi imepotea na safu hii haikutani na ile. Dawa yake ni kupima kila safu ikiisha, usisubiri safu ishirini. Lakini pia jiulize kama unataka kweli mistari ikutane. Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, kwa vizazi walishona kwilti za nguo za kazi zilizochakaa, mistari inapinda, viraka havilingani, na mwaka 2002 kazi zao zikaoneshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, na 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ukiziangalia huoni kosa hata moja, unaona mtu aliyejua anachofanya.

Kubebeka ni rahisi tu, chukua viraka kumi vilivyokwisha chomwa pini, sindano, uzi, mkasi mdogo, unatoka.

Inamfaa anayetaka kujifunika kwilti yake ndani ya muda ambao bado ana hamu nayo. Haimfai mwenye vipande vidogo tupu.

Njia ya karatasi

Hapa kila kiraka kina karatasi ndani. Unakata karatasi zenye pembe sita, unakunjia kitambaa juu ya kila moja, unapiga bandi ishike, kisha unakutanisha viraka viwili uso kwa uso na kushona ukingo kwa ukingo, sindano ikibeba nyuzi mbili tatu tu za kila upande. Karatasi inatoka pale kiraka kimezungukwa pande zote sita, si kabla, ukiitoa mapema kona zinalegea. Ikitoka nzima unaitumia tena.

Uzuri wa hii ni kwamba karatasi inakufikiria. Mkono wako unaweza kuwa wa jana tu na kona zikakutana kama za mtu wa miaka ishirini, ila karatasi zenyewe lazima ziwe sawa kabisa, ukizikata kwa haraka hizi kubwa hizi ndogo basi hakuna kitakachokutana na huwezi kuvuta kitambaa kirekebishe. Mi naona karatasi nzito kidogo kuliko ya kuandikia ndo nzuri, ile nyepesi inajikunja kona ukiikunjia kitambaa.

Vipande vidogo hapa ndo kwao. Pembe sita ya upande wa sm 2.5 inatoshwa na kipande cha sm 6.5 kwa 6.5, yaani hata mfuko wa shati, hata mkono wa blauzi ya mtoto, unapata kitu. Na mpangilio unajijenga wenyewe: kimoja katikati, sita kukizunguka, kumi na mbili kuzunguka hao, umepata ua la viraka 19. Maua ya namna hii yalipendwa sana Marekani miaka ya 1920 na 1930, na ukilishika moja mkononi unaelewa kwa nini, limeisha, ni zima, unaweza kuliweka mezani ukaliangalia.

Sasa urefu. Kwilti yetu ya sm 150 kwa 200 kwa pembe sita za sm 2.5 ni viraka kama 1,850. Mishono ya kuunga karibu mita 140, na sijahesabu bandi za kila kiraka wala kushona tabaka baadaye. Ni miaka, kwa wengi wetu. Lakini angalia kitu hiki, ukishuka saizi, tuseme kipande cha ukutani cha sm 60 kwa 80, ni viraka kama 300 tu, hiyo ni kazi ya msimu mmoja. Ndo maana nasema mahali panatangulia.

Makosa yanayoonekana hapa ni uzi kuchungulia mbele. Tumia uzi mwembamba wa rangi ya kitambaa, au kijivu kama unaunga rangi nyingi tofauti, na usivute sana. Vitambaa vizito havifai, havikunjiki vizuri kwenye kona. Kubebeka hakuna inayoifikia, kikopo kimoja kinabeba kazi ya wiki.

Inamfaa mwenye vipande vidogo, anayependa utaratibu, na ambaye hana haraka. Kama we ni mtu wa kutaka kuona kitu kikikua haraka, hii itakuvunja moyo katikati.

Kawandi

Hii nimeichelewesha mwisho kwa sababu naipenda na nilitaka nizitendee haki zile mbili kwanza. Kawandi ni kwilti za Wasiddi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika wakavuka Bahari ya Hindi, wengine wakiwa watumwa, wengine wanajeshi, wengine mabaharia. Wanashona kwa nguo zilizochakaa, kwa mkono, na namna wanavyoshona imegeuza kila kitu nilichodhani nakijua kuhusu viraka.

Hakuna kuunga kwanza halafu kushona tabaka. Unatandika kitambaa cha nyuma, kwao mara nyingi ni sari kuukuu, unaanza kwenye kona, unakunja ukingo wa kiraka cha kwanza chini na kukishonea papo hapo kwa mshono wa kupanda na kushuka unaopita mpaka nyuma. Kiraka kinachofuata kinaingia kidogo juu ya hicho, ukingo umekunjwa, unaendelea. Unazunguka kingo zote nne, afu mzunguko wa pili ndani yake, wa tatu, mpaka unafika katikati na kiraka cha mwisho kinafunga. Kwenye kona nne unaweka kitambaa kilichokunjwa kama pembetatu, wao wanaita phula, yaani maua, na bila hizo kona kwilti haijakamilika.

Mistari ya mishono ikiwa imeachana sm 1.2 hivi, kwilti yetu inakula kama mita 250 za kushona. Ukiona hiyo namba unaweza kushtuka, lakini kumbuka ni kila kitu, kuunga na tabaka na pindo, na mishono ni mirefu kuliko ya penseli, sindano inabeba mishono minne mitano kwa mkupuo mmoja. Hakuna paterni, hakuna kuchora, hakuna kupima. Kiraka hakitoshi, ongeza kingine. Kosa la kutokutana kona halipo kwa sababu hakuna kona inayotakiwa kukutana na nyingine.

Kwa upande wa pili, makosa yake ni ya uzi. Ukivuta uzi sana kitambaa kinajikusanya na kwilti inaishia ndogo kuliko kitambaa ulichoanza nacho, kwa hiyo kila mstari ukiisha lainisha kwa kiganja kabla hujafunga fundo, na anza na kitambaa cha nyuma kikubwa kidogo kuliko saizi unayotaka. Hata ukifanya vizuri uso wake una mikunjo midogo midogo, ndo sura yake. Vipande vinavyofaa ni vile laini vilivyofuliwa mara nyingi, saizi yoyote kuanzia upana wa kiganja, vidogo zaidi ya hapo kingo zikikunjwa hakuna kinachobaki. Na haibebeki. Wiki ya kwanza unaweza kuikunja kwenye begi, baada ya hapo inakaa mapajani nyumbani.

Inamfaa anayechoka na vipimo, na anayetaka kwilti ya kutumiwa kwelikweli, kufuliwa, kuvutwa na watoto, maana kila sehemu imeshonwa mpaka nyuma na haina mshono mmoja mrefu wa kufumuka.

Sasa itakaa wapi

*Ukutani.* Inaonekana yote, haikaliwi, haichafuki haraka. Lakini usipigilie misumari kwenye kona mbili za juu. Nilifanya hivyo na kipande nilichokipenda sana na ndani ya miezi kadhaa katikati ilishuka, kona zikavutika, na kitambaa kilichovutika hakirudi. Uzito unatakiwa ugawanyike upana wote. Shona mfereji wa kitambaa wa kama sm 10 nyuma, upande wa juu, ukiacha sentimita mbili tatu kila mwisho, ushonee kwenye kitambaa cha nyuma peke yake sindano isitokee mbele, na uache mfereji ulegee kidogo ili fimbo ikiingia isisukume uso wa kwilti ukafanya tumbo. Pitisha fimbo, itundike kwa ncha zake.

Jua ndo adui mkubwa hapa. Rangi iliyofifia hairudi, na mwanga unajumlika kidogo kidogo kila siku hata kama haupigi moja kwa moja, kwa hiyo chagua ukuta usiotazamana na dirisha, na iteremshe ipumzike miezi kadhaa kila mwaka. Kazi ya karatasi inapendeza sana ukutani kwa sababu watu wanaisogelea waone viraka. Ya penseli inaning'inia imenyooka kuliko zote. Kawandi kubwa ni nzito kidogo na kingo zake zina mawimbi, mtu anayetaka mraba ulionyooka itamsumbua, mi hainisumbui.

*Kitandani au kwenye kochi.* Hapa swali ni moja tu, uko tayari ichakae? Maana itafuliwa, itakaliwa, itavutwa. Penseli na kawandi zinavumilia. Ya karatasi inavumilia pia ukishaishonea tabaka karibu karibu, ila mishono yake ya ukingoni ndo ya kwanza kukatika kwenye kochi linalokaliwa kila siku. Fua kwa maji ya baridi, usikamue kwa kusokota, ianike imelala au kwenye kamba mbili tatu ugawanye uzito, kivulini.

*Kwenye ngazi au fito.* Ngazi ya mbao imeegemezwa ukutani, kwilti imekunjwa juu yake. Inafaa sana nyumba ya kupanga ambako huruhusiwi kutoboa ukuta. Mambo mawili tu: mbao tupu ina asidi inayoacha madoa ya njano kwenye pamba, kwa hiyo zungushia kipande cha shuka jeupe lililofuliwa pale kwilti inapogusa, na badilisha mikunjo kila baada ya miezi michache, ikunje kwa tatu badala ya kwa mbili, maana mkunjo ukikaa sehemu moja muda mrefu nyuzi zinakatika palepale. Unaona sehemu tu ya kazi, kwa hiyo kwilti yenye safu zinazobadilika, kama ya penseli, inakupa kitu kipya kila ukiikunja upya.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kushona kitu kwa mkono na unataka kujua tu kama unapenda, shona ua moja la karatasi la viraka 19. Ukimaliza unataka lingine, umepata jibu lako, na maua kumi na tano ni kipande cha ukutani. Hukutaka lingine, lishonee juu ya kimto, hujapoteza kitu.

Kama kuna mtoto anakuja au mtu wa kumpa zawadi na una tarehe, nenda na penseli, miraba mikubwa, hata ya sm 15, usijaribu karatasi hata kidogo.

Kama mfuko wako ni wa nguo za mtu aliyeondoka, mzazi, bibi, ndugu, na kila ukiufungua unaufunga, mi ningekwambia kawandi. Hutakiwi kukata nguo zote kwanza ziwe rundo la miraba isiyofanana tena na nguo zake. Unachukua shati moja, unatoa kipande, unakishonea, unapumzika. Mfuko wa shati unaweza kubaki mfuko, kifungo kinaweza kubaki kifungo. Itandike kitandani kama unataka kuwa karibu nayo, au ngazini kama bado ni mapema kuilalia.

Kama vitambaa vyako ni hariri na mahameli, vitu visivyopenda maji, amua ukutani tangu mwanzo na ushone ndogo.

Kama unapanga na utahama, ngazi, kwa njia yoyote. Na kama macho yanasumbua usiku, kawandi yenye mishono mirefu na uzi mnene wa rangi inayoonekana, karatasi na uzi wake wa kujificha uiachie mchana karibu na dirisha.

Kama una mfuko mkubwa na bado huwezi kuchagua, panga vipande leo kwa saizi: vinavyozidi kiganja huku, vidogo kule. Vidogo vitie kwenye kikopo pamoja na karatasi zako, hivyo ni vya kutembea navyo. Vikubwa vitandaze kitandani juu ya shuka kuukuu, anza kwenye kona.